Kutoka Kuhesabu Vitovu hadi Kuchunguza Vyumba: Historia Fupi ya Mazingira ya Kitovu Tendaji katika Zeolaiti

Mwaka 1925, Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa hoja kwamba si uso wote wa kichocheo mango unaofanya kazi, bali sehemu zake chache tu. Sehemu hizo ndizo vitovu tendaji. Tangu hapo, kukielewa kichocheo kulimaanisha, kwa kiasi kikubwa, kuhesabu vitovu vyake na kupima nguvu zake. Insha hii inaonesha jinsi zeolaiti, yaani mango za silikoni, alumini na oksijeni zenye vitundu vinavyokaribia ukubwa wa molekuli, zilivyolazimisha mtazamo huo upanuliwe.

Hatua ya kwanza ilihusu mlango. Mwaka 1960, Paul Weisz na Vincent Frilette wa kampuni ya Socony Mobil, Marekani, walionesha kwamba katika zeolaiti yenye vitundu vyembamba, molekuli zilizonyooka humenyuka ilhali zenye matawi huzuiwa. Hata hivyo, kuta zilichukuliwa kuwa chujio tu. Kazi yenyewe ilibaki kuwa ya kitovu.

Mwaka 1984, Werner Haag, Rudolph Lago na Weisz walionesha kwamba kasi ya kuvunja heksani katika zeolaiti ya ZSM-5 huongezeka kwa uwiano wa moja kwa moja na kiasi cha alumini. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila kitovu ni sawa na kingine popote kilipo. Lakini njia za ZSM-5 zina upana unaokaribiana, takriban nanomita 0.55, jaribio hilo halikulinganisha nafasi pana na finyu.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, Eric Derouane wa Ubelgiji alieleza kwamba ukuta uliopinda huizunguka molekuli na kuishikilia kwa nguvu hafifu za mvutano. Ushahidi wa wazi ulitoka Berkeley mwaka 2007. Aditya Bhan, Enrique Iglesia na wenzao walichunguza modenaiti, ambayo ina njia pana na vijumba finyu ndani ya fuwele moja. Kasi ya monoksidi ya kaboni kuungana na etha ya dimethili ilifuata idadi ya vitovu vilivyo katika vijumba finyu, si jumla ya vitovu vyote.

Kwa hiyo, vipimo vya mwaka 1984 havikuwa na kosa. Kuvitumia kwa kila zeolaiti ndiko kulikovuka mpaka wa ushahidi. Mtafiti anayetaja idadi ya vitovu bila kueleza vilipo ametoa nusu ya maelezo.