Nyumba na Mtunzaji Wake

Septemba 1666, moto ulioanzia katika tanuri la mwoka mikate uliuteketeza mji wa London kwa siku nne. Miongoni mwa majumba yaliyogeuka majivu ni makao ya Chuo cha Matabibu, chama kilichoasisiwa mwaka 1518. Humo ndimo ilimokuwa maktaba iliyojengwa kwa mali ya William Harvey, tabibu aliyebainisha mwaka 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini.

Mtunzaji wa maktaba hiyo, Christopher Merrett, aliokoa vitabu 140 hivi. Vinginevyo viliungua.

Katika miaka ya 1670 matabibu walihamia Warwick Lane, katika jumba jipya lililosanifiwa na Robert Hooke. Merrett hakupewa nafasi humo. Wenzake walishika kwamba nyumba ikiisha, na kazi ya kuitunza imekwisha. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Mwaka 1681 akaondolewa chamani.

Jumba la Hooke nalo halipo tena. Kuta hujengwa upya kwa mawe na chokaa, lakini kitabu kilichoungua hakirudi. Usiku ule wa moto, chuo hasa kilikuwa wapi: ndani ya kuta, au mikononi mwa Merrett?