Debe: limetoka wapi, na leo ni debe la nani?

Ndugu mkulima, ukipeleka maharage sokoni Kasulu au mahindi Kibondo, bei hutajwa kwa debe. Kabla hujakubali, uliza debe lipi.

Neno lenyewe limetoka India, ambako kopo au chombo cha bati huitwa dabba. Enzi za ukoloni mafuta ya taa yaliuzwa katika mabati ya galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Lilichotea maji, likakunjuliwa kuezekea, likapimia nafaka. Na kwa kuwa mabati hayo yalikuwa na ukubwa mmoja, muuzaji na mnunuzi walielewana bila mizani.

Kisha neno likatembea. Debe likipigwa husikika mbali, basi stendi tuna wapiga debe, na wakati wa uchaguzi mgombea hupigiwa debe. Kwa wenzetu Kenya, debe ni hata sanduku la kura. Aliyetoka jela naye husemwa amenyea debe. Hilo halihitaji maelezo.

Siku hizi bati lile limeadimika. Kazi yake imechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, lakini jina limebaki lile lile. Tofauti ni karibu lita 2. Ukijaza ndoo 10, umetoa madebe 11 ya zamani na kuhesabiwa 10. Hapo bado kile kilima kinachorundikwa juu ya mdomo wa ndoo, ambacho hakina bei.

Nawe mfanyabiashara wa kijijini, usicheke. Debe hupima ujazo, si uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa mahindi haifiki huko. Ukinunua kwa ndoo ukauze mjini kwa kilo, hasara utaikuta kwenye mizani ya mwenzako.

Kwa hiyo, kabla ya msimu kuanza, chukua ndoo yako, ijaze mahindi makavu, pitisha kijiti juu ili yawe sawa na mdomo, kisha ipime kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Toa uzito wa ndoo tupu. Rudia kwa maharage, maana uzito wake ni mwingine. Andika kilo hizo ubavuni mwa ndoo kwa rangi isiyofutika, na mnunuzi akija, mwonyeshe.