Mateso, Matendo na Mwangaza: Fundisho la Buddha na Sisi Watu wa Ituri

Wakati wa MONUC tuliwazoea wanajeshi wa Nepali na kofia zao za buluu. Mwaka 2006 saba kati yao walishikwa na wanamgambo hapa Ituri, kisha wakaachiliwa. Wengi wao ni Wahindu. Lakini ni katika nchi yao, pale Lumbini, alizaliwa Siddhartha Gautama, aliyeitwa Buddha, yaani aliyeamka, miaka karibu 2500 iliyopita.

Fundisho lake linaanzia kwenye mateso, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuelezwa. Kuzeeka, kuugua, kufa, kutengana na wapendwa: yote ni mateso. Mizizi yake ni tamaa, chuki na ujinga. Mizizi hiyo inaweza kung'olewa kwa njia yenye sehemu nane, kama kusema vema, kutenda vema na kutuliza moyo. Anayefika mwisho anapata mwangaza: moto wa tamaa na chuki umezimika ndani yake.

Neno linalotugusa zaidi ni karma, yaani tendo lenye nia. Kila mtu ni mrithi wa matendo yake mwenyewe. Buddha hakusema kwamba kila maumivu yanatokana na makosa ya zamani. Kwa hiyo mama aliyechomewa nyumba asiambiwe alistahili. Tendo ni la yule aliyewasha moto, sio la kabila lake. Na hapa kwetu? Tangu vita ya 1999 tunasikia: « Kabila yao ndiyo iliua batu yetu. » Basi mtoto wa jana anabebeshwa deni la mtu asiyemjua. Hata mahakama ya La Haye, ilipomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 na Germain Katanga mwaka 2014, ilihukumu watu, sio makabila.

Historia inatupa mfano. Karibu mwaka 261 mbele ya Kristo, mfalme Ashoka wa India alishambulia nchi ya Kalinga. Yeye mwenyewe aliamuru ichongwe kwenye mawe: watu 100 000 waliuawa, 150 000 wakahamishwa kwa nguvu, naye anajuta. Hakusema « ni wao walianza ». Akashika fundisho la Buddha, na nguzo aliyoisimamisha Lumbini ingali pale.

Hatumwombi mtu abadili dini. Tunaomba tu kwamba kijana wetu, akisikia habari ya mauaji, aulize kwanza: ni nani alifanya? Asiulize: ni wa kabila gani? Mawe hayakosi katika milima ya Ituri. Kinachokosa ni mtu wa kuandika juu yake: ni mimi niliyetenda.