Kununua ardhi ya jengo pamoja na jirani wa fleti Uingereza: mambo ya kukubaliana kabla ya kusaini

Wapo wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda wetu wenye fleti Uingereza. Wengine walinunua walipokuwa wakiishi huko, wengine wamerithi, na wengine wamechanga na ndugu aliyeko London au Leicester. Fleti hupangishwa, na siku ya kutaka mtaji wa kuongeza lori au kujaza ghala, huwa ndiyo mali ya kwanza kufikiriwa kuuzwa. Makala hii ni kwa wale waliopata barua, ama ya mwenye ardhi ama ya jirani, yenye pendekezo la kununua ardhi ya jengo pamoja. Inahusu England na Wales tu. Scotland ina sheria zake.

Unaponunua fleti England, mara nyingi hununui ardhi. Unanunua lizi, yaani haki ya kutumia fleti kwa miaka iliyoandikwa: 99, 125, wakati mwingine 999. Ardhi, kuta za nje na paa kwa kawaida hubaki kwa mwenye umiliki wa kudumu, ambaye katika lizi za zamani humlipa kodi ya ardhi kila mwaka. Miaka ikiisha, fleti inamrudia. Kwa msomaji wa Tanzania hili si geni sana, maana ardhi yetu ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Tofauti ni kwamba kule aliye juu yako ni mtu au kampuni inayofanya biashara, na haki yake anaweza kukuuzia. Kuna hali ambazo sheria inamlazimisha akuuzie.

Hapa tunazungumzia hasa zile nyumba za zamani zilizogawanywa fleti mbili, moja juu na moja chini. London zimejaa.

Njia za kununua ni mbili. Ya kwanza ni pale mwenye ardhi anapotaka kuuza mwenyewe. Sheria ya mwaka 1987 inamtaka awape kwanza wenye fleti nafasi ya kununua, kwa notisi yenye bei, na muda wa kujibu usiopungua miezi 2. Wanaokubali lazima wazidi nusu ya wenye fleti wanaohusika. Kwa jengo la fleti mbili hiyo maana yake ni wote wawili, kwa kuwa mmoja kati ya wawili ni nusu tu, hajazidi. Notisi hiyo ikifika Mwanza au Kampala ikiwa imechelewa wiki sita, sehemu kubwa ya muda wa kujibu inaweza kuwa imekwenda. Hakikisha anwani yako ya mawasiliano katika masjala ya ardhi ya huko, HM Land Registry, ni ya mahali barua zinasomwa. Unaruhusiwa kuandikisha anwani zaidi ya moja, pamoja na ya barua pepe.

Njia ya pili ni kumlazimisha, chini ya sheria ya mwaka 1993. Wenye lizi ndefu wanaojiunga lazima wafike angalau nusu ya fleti zote, lakini jengo likiwa na fleti mbili tu, lazima wote wawili washiriki. Mnatuma notisi yenye bei mnayoitoa. Mwenye ardhi naye hupewa angalau miezi 2 ya kujibu. Mkishindwana bei, mnakwenda kwenye baraza la nyumba, na ombi lenu lazima liingie kabla ya miezi 6 kupita tangu jibu lake. Mkipitisha tarehe hiyo, notisi huhesabiwa imeondolewa, mnasubiri miezi 12 kuanza upya, na gharama halali za mwenye ardhi mnazilipa ninyi. Zipo pia nyumba zilizogawanywa ambamo mwenye ardhi bado anaishi, na kwa baadhi yake haki hizi hazipo. Wakili aanze kuangalia hapo.

Kuhusu bei, tazama miaka iliyobaki kwenye lizi. Chini ya miaka 80, mwenye ardhi amekuwa akidai pia nusu ya thamani inayoongezeka pale lizi na ardhi zinapokutana mkononi mwa mtu mmoja, na hapo bei hupanda kwa kiasi cha kuumiza. Sheria mpya ya mwaka 2024 imeandika kuondoa dai hilo, lakini vifungu vyake huanza kutumika kimoja kimoja kwa amri ya serikali. Muulize wakili kama hicho kimeanza siku unayotuma notisi, na usitegemee habari za gazeti.

Hayo yote mthamini na wakili wanayajua. Linalowaumiza watu ni jambo dogo zaidi: baada ya kununua, ninyi wawili mmekuwa na ardhi moja, na bila saini ya mwenzako hakuna linalokwenda. Ni kama watu wawili walionunua tela moja na majina yote yako kwenye kadi. Siku ya kununua hakuna shida. Shida ni siku ya kuuza.

Chukua mfano. Unataka kuuza fleti yako ya juu. Mnunuzi anataka fleti pamoja na sehemu yako ya ardhi, kwa sababu ndivyo ilivyotangazwa. Ili jina lake liingie badala ya lako, lazima jirani wa chini naye asaini hati ya uhamisho. Kama amehama na hajulikani alipo, au mmegombana juu ya mfereji wa paa, mauzo yanasimama. Mahakama inaweza kuingilia chini ya sheria ya mwaka 1996 ya ardhi inayoshikwa kwa udhamini, lakini hiyo ni kesi, na mnunuzi wa nyumba hasubiri kesi.

Kwa hiyo, kabla ya pesa kutoka, andikeni hati ya makubaliano. Iseme kila mmoja analipa kiasi gani cha paa, msingi na bima ya jengo, maana sasa bima ni jukumu lenu. Iseme mkikosa kuelewana nani anaamua, kwa mfano mpimaji majengo wa nje, kwa sababu kura moja kwa moja haina mshindi. Na kifungu muhimu kuliko vyote kiseme kwamba anayeuza fleti yake anahamisha pia sehemu yake ya ardhi kwa mnunuzi, na mwenzake analazimika kusaini ndani ya siku kadhaa. Mnunuzi naye aingie kwenye makubaliano hayo hayo.

Halafu kuna suala la majina. Sheria inaruhusu majina yasiyozidi manne kwenye hati ya ardhi. Mkiandikishwa kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa haki yote ya ardhi inakwenda kwa aliyebaki. Kwa mke na mume inaeleweka, lakini kwa majirani ni kuwanyima watoto wako. Majirani waandikishwe kwa hisa, nusu kwa nusu au vinginevyo, ili kila hisa ifuate wasia wa mwenyewe. Hata hivyo mmoja akifa, aliyebaki hawezi peke yake kumpa mnunuzi hati safi. Itabidi ateuliwe mdhamini wa pili wa kusaini naye.

Wengine huunda kampuni ndogo inayoshika ardhi, kila mwenye fleti akiwa na hisa moja. Faida yake ni kwamba ukiuza, unahamisha hisa tu na jina kwenye hati ya ardhi halibadiliki. Kwa wenye fleti wanne au zaidi ningeshauri hii bila kusita. Kwa wawili inategemea kama kuna mtu wa kukumbuka makaratasi. Kampuni lazima ipeleke hesabu na taarifa ya kila mwaka Companies House, hata kama haina mapato. Ikiacha, itafutwa, na ikifutwa ardhi yenu inakwenda kwa Mfalme kama mali isiyo na mwenyewe. Kuirudisha kampuni inawezekana, ila kwa ada na kwa kungoja. Pia tangu Novemba 18, 2025 wakurugenzi wamewekewa sharti la kuthibitisha utambulisho wao, hata aliyeko Mombasa. Kama mnafikiria kutumia kampuni iliyosajiliwa Dubai au Nairobi, fahamuni kwamba tangu mwaka 2022 kampuni za nje zenye ardhi Uingereza lazima zijiandikishe na kutaja wamiliki wake halisi.

Mkishanunua, lizi haifi yenyewe. Watu wengi hudhani wakiwa na ardhi, miaka iliyobaki haina maana. Inayo, kwa sababu benki ya mnunuzi inaangalia lizi ya fleti, na yenye miaka 70 inaweza kukataliwa au kupunguziwa mkopo hata kama jina lako liko kwenye ardhi. Siku hiyo hiyo ya ununuzi, pande zote mbili zisaini lizi mpya za miaka 999 bila kodi ya ardhi. Mkiahirisha, baadaye mmoja atataka na mwingine ataomba alipwe kwanza. Kama fleti ina mkopo, benki inayoushikilia lazima iridhie.

Kwa anayesafiri muda mwingi, hati ya uwakilishi inafaa, lakini usimpe jirani mwenyewe. Fedha za kuuza ardhi hiyo lazima zipokelewe na watu wasiopungua wawili, na mtu mmoja hawezi kupokea kwa nafsi yake na kwa niaba yako kwa wakati mmoja. Mpe ndugu au wakili wa upande wako.

Tyneside, kaskazini mashariki mwa England, walitatua hili kwa namna nyingine: nyumba nyingi zina fleti mbili, ambapo mwenye fleti ya juu anamiliki ardhi ya fleti ya chini, na wa chini anamiliki ya juu. Kila mmoja ni mwenye nyumba wa mwenzake, hivyo hakuna anayeweza kumbana mwingine bila naye kubanwa. Ukinunua huko, hakikisha unapewa hati zote mbili, lizi ya fleti yako na ardhi ya jirani.

Wenye fleti Kenya wataona ufanano na zile kampuni za usimamizi ambazo wanunuzi walipewa hisa pamoja na lizi zao. Kenya ilibadilisha utaratibu kwa sheria ya mwaka 2020, inayompa kila mwenye fleti hati yake na kuuweka usimamizi kwa shirika la wamiliki wote. Asiye raia wa Kenya bado hawezi kushika ardhi huko zaidi ya lizi ya miaka 99, kwa mujibu wa Katiba.