Mstari wa Manjano Hadi Keroka

Simama steji ya Kisii asubuhi uangalie magari yanayojaza kwenda Nyamira na Keroka. Mengi ni meupe, mstari wa manjano umepita ubavuni. Kuna jina la sacco, jina la ruti, labda kibandiko cha kumsifu Mungu kwenye kioo cha nyuma. Basi. Ukifika Nairobi unakutana na nganya za Rongai na Umoja: nyuso za wanamuziki na wanasoka kuanzia boneti hadi buti, taa za kila rangi, muziki unatetemesha viti. Nchi ni moja na sheria ni moja. Mbona picha ziliishia huko?

Turudi nyuma kidogo. Jina "matatu" lilitokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi, enzi magari hayo yakibeba watu kimagendo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu kubeba abiria bila leseni walizodaiwa wenye mabasi. Magari yakawa mengi, abiria wakagombaniwa. Wenye matatu wa Nairobi wakagundua jambo: kijana anaweza kuacha gari lenye nafasi lipite, angojee lile lenye picha kali. Na atalipa zaidi. Kwingine duniani ubavu wa basi hukodishwa kwa wauza sabuni na simu. Nganya haikodishi ubavu wake. Picha ndiyo tangazo, na kinachouzwa ni kiti.

Kisha akaja John Michuki, Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zake za 2003 zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, yunifomu za dere na makanga, mstari wa manjano. Watu walikuwa wanakufa barabarani, hapo hatubishani. Lakini picha ziliingizwa kapu moja na mwendo wa kasi, kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa inakanyaga mafuta. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akafungulia michoro, akisema ni kipaji na riziki ya vijana. Novemba 2018 serikali ikarudisha sheria za Michuki kwa nguvu. Aliyekuwa mbele ya msako huo ni Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani, mzaliwa wa Borabu, Nyamira. Nganya zikajificha kidogo, halafu zikarudi mjini kama kawaida.

Kwa hivyo kulaumu sheria peke yake hakutoshi. Kisii shida kubwa ni foleni. Gari linajaza kwa zamu: la mbele likijaa linatoka, la pili linasogea. Abiria hachagui picha, anapanda lililofikiwa. Sasa mwenye gari atoe maelfu kumlipa msanii ili apate nini? Hata akichora gari lote, zamu yake itabaki ileile.

Maana yake ni kwamba picha huku zinahitaji mlipaji mwingine. Mei 2015, jiji la Tehran lilifunika mabango 1,500 ya matangazo kwa nakala za kazi za sanaa, kwa siku 10. Yalikuwa mabango ya barabarani, sio mabasi, ila somo ni lilelile: mwenye mamlaka juu ya matangazo anaweza kuamua leo watu waangalie kitu kingine.

Na huku mwenye mamlaka anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usimamizi wa matangazo ya nje, shughuli za utamaduni, na usafiri wa umma wa barabarani ndani ya kaunti. Mambo yote matatu, mlango mmoja.

Kinachoniuma ni hiki. Kila miaka mitano magari yetu hubeba picha kubwa za watu, na watu hao ni wagombea. Mchongaji wa Tabaka, ambaye mawe yake yanauzwa mbali kuliko atakavyowahi kusafiri, hajawahi kuonekana ubavuni mwa gari. Wala mchuma chai wa Nyamira. Wala mzee anayepiga obokano. Wala mama anayeshusha ndizi Daraja Mbili, na yeye ndiye analipa nauli kila siku. Wapiga picha tunao, wanazunguka na kamera kwenye harusi na matanga kila wikendi. Wapeni ubavu wa gari kwa miezi mitatu mitatu, walipwe, majina yao yaandikwe chini ya picha.

Mstari wa manjano ubaki, na vidhibiti mwendo pia. Juu ya huo mstari na chini yake kuna bati tupu la kutosha.