Mfuko wa Rambo: Sheria Mbili, Matokeo Mawili

 

Wazee wetu wa Bariadi walikwenda gulioni na kapu au gunia la katani. Nyama ilifungwa kwa gazeti. Mfuko wa plastiki, tuliokuja kuuita Rambo, ulifika baadaye. Ulitolewa bure, ukatumika nusu saa, ukatupwa. Upepo ukaupeleka malishoni.

Hasara ikatuangukia sisi wafugaji. Ng'ombe huuramba mfuko kwa ajili ya chumvi iliyobaki, halafu huumeza. Tumboni hauozi, na mara nyingi hautoki. Inajikusanya mpaka tumbo la kwanza linajaa. Mnyama anakonda na majani yapo, mwisho anakufa.

Je, serikali ilifanya nini? Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Mwaka 2006 ikapigwa marufuku mifuko myembamba, ya chini ya mikroni 30, yaani sehemu tatu kati ya mia za milimita moja. Minene ikaachwa. Hapo ndipo palipovuja. Hebu niambie, nani gulioni angepima unene huo? Miaka ikapita, Rambo zikazidi kutapakaa.

Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Mei. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ukawa marufuku, uwe mnene au mwembamba. Faini ya kiwandani ilianzia shilingi milioni 20, na ya aliyekutwa nao shilingi 30,000. Safari hii hapakuwa na haja ya kipimo, kuuona kulitosha. Rambo zikaadimika, kapu likarudi.

Hata hivyo ulibaki mwanya. Vifungashio vya plastiki vya viwandani, vya hospitali na vya kilimo viliruhusiwa. Wachuuzi wakachukua vile vifuko laini vya kufungashia, wakavigeuza vya kubebea, hata Baraza la Mazingira, NEMC, likalazimika kuvikemea mwaka 2021.

Basi ndugu zangu, somo ni hili: sheria yenye tundu huvuja, na tundu moja lililoachwa wazi ni letu wakulima. Tuliachiwa vifungashio kwa sababu mbolea na mbegu haziwezi kubebwa mikononi. Tukivitupa ovyo, tutawaua ng'ombe wetu wenyewe. Vikusanye, usiviache shambani. Na pamba yako usiivunie kwenye mfuko wa salfeti. Nyuzi zake hujichanganya na pamba, kiwandani hazishiki rangi, kitambaa kinaharibika, na sifa ya pamba yetu inashuka. Tumia mfuko wa kitambaa cha pamba.