Historia ya Baji, Kasuku Mdogo wa Australia: Je, Tumfungulie Tundu?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, makala hii imetokana na swali la mtoto. Baada ya darsa ya madrasa iliyozungumzia huruma kwa wanyama, mwanafunzi mmoja wa hapa Buyenzi, Bujumbura, alirudi nyumbani akamwambia baba yake: "Baba, tuwafungulie ndege wetu, tupate thawabu." Ndege wenyewe ni wale wadogo wa kijani, njano na buluu ambao wengi wetu tunawaita kasuku wadogo tu. Waliosoma Kifaransa husema perruche, na kwa Kiingereza jina lake ni budgerigar, kwa kifupi baji.

Baba yule hakuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikumbuka yaliyompata jirani yake. Jirani huyo aliwaachia baji wanne kwa nia ya sadaka baada ya mwanawe kupona ugonjwa. Jioni ya siku ya pili wawili wakaokotwa chini ya ukuta wamekufa, na wale wengine hawakuonekana tena. Nia yake ilikuwa njema na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini ndege walikufa. Nikaona basi tuisome historia ya ndege huyu, maana jibu la swali la mtoto limo humo.

Baji ni ndege wa Australia, tena wa bara lake kame, si wa pwani. Huko mvua haina msimu wa kutegemewa. Makundi ya maelfu ya baji huhamahama kufuata mvua, kwa sababu mvua ikinyesha nyasi huota, na nyasi zikizaa mbegu ndipo wanapopata chakula na kuanza kutaga. Hawajengi kiota. Hutaga ndani ya mashimo ya miti, hasa mikaratusi. Hii mikaratusi tunayoiona imejaa milimani Burundi na Rwanda nayo asili yake ni Australia, ila yetu hukatwa ingali michanga kwa ajili ya nguzo na kuni, haifikii umri wa kuoza ndani na kufanya mashimo. Wenyeji wa Australia walimjua ndege huyu tangu zama za kale. Makinda yake yalikuwa chakula chao, na walijua kuwa palipo na baji maji hayako mbali. Hata jina la Kiingereza limetoka kwao, kwani Wagamilaraay humwita gidjirrigaa.

Mwaka 1805 mtaalamu wa Uingereza George Shaw alimwandika ndege huyu katika kitabu cha elimu ya viumbe, lakini hakuwa na ndege aliye hai. Aliyewaleta hai Ulaya ni John Gould, aliyesafiri kwenda Australia mwaka 1838 pamoja na mkewe Elizabeth, mchoraji hodari wa picha za ndege. Kaka yake Elizabeth, Charles Coxen, alikuwa amehamia huko, naye ndiye aliyewalea baji kwa mkono akampa shemeji yake. Walipofika Uingereza mwaka 1840 ndege walikuwa wazima, na watu wakastaajabu: kasuku mdogo kiasi hiki, asiye na makelele makubwa, anayeimba mchana kutwa na kumpenda mwenzake! Elizabeth mwenyewe hakuishi kuona yaliyofuata. Alifariki mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 37, baada ya kujifungua.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kwa ndege. Kila tajiri wa Ulaya alitaka jozi yake. Wategaji wakawanasa kwa nyavu kwenye madimbwi ya maji, wakawasongamanisha kwenye matundu na kuwapakia merikebuni kwa maelfu. Safari ilikuwa ya miezi, na wengi walikufa kabla ya kuiona bandari. Waliofika salama wakagundulika kuwa na sifa moja iliyobadilisha historia yao yote: wanazaliana tundumboni bila taabu. Kufikia miaka ya 1850 walikuwa wameshatotoa Ulaya, na kabla karne haijaisha kulikuwa na wafugaji wakubwa, kama wale wa mji wa Toulouse nchini Ufaransa, waliowazalisha kwa maelfu ili kuuza.

Ndege wengi wa porini wakifungwa hukataa kuzaa, ila baji anahitaji vitu vichache tu. Ukimpa boksi la mbao lenye tundu la kuingilia, kwake ni shimo la mti. Ukimpa mbegu nyingi na maji, kwake ni mwaka wa mvua. Na akisikia wenzake wanaimba, moyo hutulia. Wachunguzi wa miaka ya 1960 walionyesha kuwa wimbo wa dume huyaamsha mayai katika mwili wa jike. Ndiyo maana mwenye jozi moja peke yake huweza kungoja muda mrefu bila kuona yai, na mwenye jozi tatu akapata makinda katika nyumba zote tatu. Jike hutaga mayai manne hadi sita, moja kila baada ya siku moja, na kila yai hulaliwa siku 18 hivi. Dume hamlalii, kazi yake ni kumlisha mkewe mlangoni. Makinda huzaliwa uchi na vipofu, na baada ya wiki tano hutoka kwenye boksi wakiwa na manyoya kamili.

Katika kuzaliana huko rangi nazo zikaanza kubadilika. Porini karibu wote ni kijani. Miaka ya 1870 wa njano wakatokea Ubelgiji, kisha karibu mwaka 1880 wa buluu nao wakatokea huko huko, na mwaka 1910 wa buluu wakaonyeshwa London watu wakapigwa na butwaa. Maelezo yake ni haya: unyoya wa kijani ni njano iliyo juu ya buluu. Buluu yenyewe si rangi iliyopakwa, ni namna unyoya unavyourudisha mwanga. Ikiondoka njano, ndege huwa wa buluu. Mwaka 2017 wanasayansi walionyesha kuwa badiliko dogo mno katika jeni moja ndilo linalozuia ile njano isitengenezwe. Subhanallah! Badiliko lisiloonekana kwa macho, na watu waliuziana kwa bei za ajabu. Miaka ya 1920 Wajapani walipendezwa sana na baji wa buluu, wakawa wanapeana kama zawadi za wachumba. Bei ikapanda kupita kiasi, kisha ikaanguka, na waliokuwa wamekimbilia utajiri wakabaki na matundu yaliyojaa ndege.

Wakati huo Waingereza walikwisha anzisha chama chao cha wafugaji wa baji, mwaka 1925. Vita Kuu ya Pili ilipokuja mbegu za kuagiza zikawa adimu na wafugaji wengi wakapoteza ndege wao, lakini baada ya vita baji akawa ndege wa nyumba za watu wa kawaida. Aliyevuma kuliko wote ni Sparkie Williams, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufundishwa kusema na mama mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Alijua maneno zaidi ya 500, akashinda mashindano ya BBC mwaka 1958, sauti yake ikauzwa kwenye santuri. Alikufa mwaka 1962. (Wapo ndugu zetu wanaowafundisha ndege wao kusema "Assalaam alaykum". Ni vizuri, ila kumbukeni kuwa ndege huyo huyo huyanasa na matusi, halafu huyatoa mbele ya wageni.)

Si kila ukurasa wa historia hii unafurahisha. Mwishoni mwa mwaka 1929 ulizuka ugonjwa wa homa ya kasuku, unaoshambulia mapafu ya binadamu, na watu wakafa katika nchi kadhaa. Mwanzoni ulihusishwa na kasuku wakubwa kutoka Amerika ya Kusini, na Januari 1930 Marekani ikafunga uingizaji wa kasuku. Baadaye ukakutwa hata kwa baji waliozalishwa California. Leo unatibika kwa dawa, lakini kinyesi kikavu kisifagiliwe kwa vumbi, kilowanishwe kwanza. Na mwenye ndege akipata homa na kikohozi kisichoisha, amwambie daktari kuwa nyumbani kuna ndege.

Tukirudi kwenye dini yetu, suala la ndege wa kufugwa si geni. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiwatembelea alimtania mtoto kwa kumuuliza habari za ndege wake, na katika riwaya ya Abu Dawud alimkuta ana huzuni kwa kuwa ndege amekufa. Hakumkemea kwa kumfuga. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qas, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kijitabu kizima cha faida zinazopatikana katika hadithi hii moja. Naye Imam al-Qaffal aliulizwa kuhusu kuwafunga ndege tunduni ili kusikiliza sauti zao, akajibu kuwa inafaa iwapo mwenyewe atawatimizia wanachohitaji, kama vile mnyama anavyofungwa kamba. Sharti hilo tusilipite haraka, maana yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka hakuadhibiwa kwa kumfunga tu. Alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie.

Ipo na hadithi nyingine katika Abu Dawud: masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipiga mbawa kwa uchungu, na Mtume (S.A.W.) akaamuru makinda yarudishwe. Hapa ndipo penye tofauti ambayo mtoto wetu hakuelezwa darasani. Kinda lililonaswa lina mama wa kurudishiwa na kiota cha kurudishwa. Kasuku wa kijivu anayenaswa misitu ya Kongo ana kwao, na kumnasa ni dhulma inayoendelea hadi leo, ingawa tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umezuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao walionaswa porini. Ukiuziwa huyo kwa bei ya magendo, usinunue.

Baji wa dukani hali yake ni nyingine. Australia ilizuia kusafirisha ndege wake wa porini kwa biashara mwaka 1960, na hata kabla ya hapo wafugaji walikwisha acha kuwahitaji. Aliye tunduni kwako amezaliwa tunduni, mama yake alizaliwa tunduni, na bibi zake pia, vizazi kwa vizazi. Hajui mwewe wala hajui kutafuta mbegu. Rangi yake ya buluu au njano humwita kunguru tangu mbali.

Na jambo hili limeshajaribiwa. Katika jimbo la Florida, Marekani, baji waliachiwa kuanzia miaka ya 1950. Nchi ya joto, watu wakiwawekea mbegu na maboksi ya kutagia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifika zaidi ya 20,000, ukadhani wamepata nchi mpya. Kisha wakanyang'anywa mashimo na ndege wengine, wakapungua mwaka hadi mwaka, na kufikia 2014 hawakuonekana tena. Ikiwa maelfu yaliyosaidiwa yameshindwa, wanne walioachiwa Buyenzi wangefika wapi?

Kwa hiyo anayetaka thawabu kwa baji azitafute ndani ya nyumba. Tundu liwe refu kwenda pembeni kuliko kwenda juu, kwani baji huruka mbele, hapandi kama helikopta. Wawe wawili au zaidi. Ulezi na uwele pekee havitoshi, wapewe na majani mabichi na mfupa wa ngisi. PARACHICHI NI SUMU KWAO, na hapa kwetu ndilo tunda lililojaa mezani, watoto waambiwe. Tundu lisikae jikoni penye moshi wa makaa. Kumzoesha, anza na mchanga ambaye mistari ya kichwani bado inafika puani. Weka mkono tunduni wenye mbegu, utulie dakika chache kila siku, bila kumkimbiza. Baada ya wiki moja au mbili atapanda kidoleni mwenyewe. Ukimkamata kwa nguvu mara moja, kazi ya wiki nzima imepotea. Wala usiweke boksi la kutagia kama huna pa kuwapeleka watoto watakaozaliwa. Jike mwenye boksi hutaga tena na tena hadi adhoofike.

Baba yule hakuwafungulia. Alimwita fundi seremala wakaunganisha matundu mawili kuwa moja refu. Siku za Jumapili madirisha hufungwa, jiko huzimwa, na ndege huruka sebuleni hadi adhuhuri. Mtoto amepewa kazi ya maji, asubuhi na jioni, na nimeambiwa sasa anataka kujua jina la ndege wa Abu Umayr lilikuwa nani.

Wallahu aalam.